Kalamu Ikivuka Mpaka: Kuchagua Viza Inayolingana na Kazi



Sifa zote njema zinamstahiki Allah, aliyemneemesha mwanadamu kwa elimu na kalamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Wengi wa wasomaji wetu wa pwani wanaijua Nakuru kwa ziwa lake, heroe wake na baridi yake ya alfajiri. Wachache wanajua kwamba katika mji huu, uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Desemba 2021, wako watoto wetu wanaoishi kwa kuandika. Kutoka mtaa wa Bondeni hadi Njoro, palipo na Chuo Kikuu cha Egerton, utawakuta vijana wa kiume na wa kike wakiandika makala, hadithi na matangazo ya biashara kwa wateja walio Nairobi, Dubai au London. Hawana mwajiri mmoja wala ofisi. Kompyuta ndogo na intaneti ndiyo duka lao. Hao ndio tunaowaita waandishi wa kujitegemea.

Hufika siku kalamu ikamwita mwenyewe nje ya nchi. Huenda ni tamasha la vitabu, huenda ni kongamano, au chuo kinachowapa waandishi nafasi ya kukaa miezi kadhaa waandike. Barua ya mwaliko inapofika, nyumba nzima hufurahi. Kisha huja swali: tuombe viza gani? Aghalabu jibu hutoka barazani, nalo ni moja: "Omba ya utalii, ndiyo rahisi."

Jibu hilo limewaponza wengi. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba viza iliyo sawa ni ile inayolingana na kazi utakayoifanya kule uendako, wala haipimwi kwa wepesi wa kuipata. Haya yana hoja katika dini yetu, na yana hoja katika sheria za nchi tunazoziendea.

Idhini ya kupita si jambo geni

Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ametueleza habari za kituo cha Qatya, katika njia ya jangwani baina ya Misri na Sham. Anasimulia kwamba hakuna aliyeruhusiwa kupita kwenda Sham bila ya hati ya Misri, wala kuingia Misri bila ya hati ya Sham. Usiku mchanga wa njiani ulisawazishwa, na asubuhi ulikaguliwa. Ukionekana wayo, ikajulikana kuwa yuko aliyepita kwa siri, naye akatafutwa. Mambo hayo yana takriban miaka mia saba. Mchanga wa leo ni kompyuta, na nyayo zetu ni alama za vidole tunazoziacha tunapoomba viza.

Mafakihi wetu waliijadili idhini hii kwa jina la amani, na anayeingia nchi ya watu kwa idhini hiyo wakamwita mustaamini. Walisema kwamba amani ina pande mbili. Mwenyeji anakudhaminia roho yako na mali yako, nawe unamdhaminia kwamba hutamfanyia khiyana. Ibn Qudama ameeleza katika Al-Mughni kwamba hata sharti hilo lisipotamkwa, maana yake inajulikana. Na wanazuoni hao walikuwa wakizungumzia hata nchi iliyo katika hali ya vita na Waislamu. Sembuse nchi iliyotualika kwa wema na kutufungulia mlango!

Leo sharti hilo limetamkwa, tena limeandikwa. Fomu ya viza inauliza: unakwenda kufanya nini? Unajibu, kisha unatia saini kwamba uliyoyasema ni kweli. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mafungamano, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Waislamu husimama katika masharti yao. Basi anayeandika "utalii" ilhali moyoni anakusudia kazi ya ujira ameanza safari yake kwa neno lisilo kweli, na neno hilo litamfuata.

Maswali manne kabla ya fomu

Kabla ya kufungua fomu yoyote, mwandishi na wazee wake wakae chini wajiulize maswali manne.

La kwanza: nitafanya nini hasa kule? Kusikiliza mkutano, kuhutubia, kufundisha, kukusanya habari, kufanya utafiti wa kitabu au kuwazuru jamaa, kila moja ni kazi mbali mbele ya sheria.

La pili: ni nani atakayelipa, na fedha zitatoka wapi? Kulipwa na mteja wako wa Nairobi si sawa na kulipwa na gazeti la nchi uliyoizuru.

La tatu: maandishi hayo ni ya chombo gani? Mwandishi anayetumwa na gazeti la kwao anatazamwa kwa jicho jengine kuliko anayetafuta kazi katika magazeti ya wenyeji.

La nne: nitakaa muda gani? Wiki mbili zina mlango wake, na mwaka una mlango wake.

Mwenye majibu ya maswali haya manne yuko karibu sana na kuijua viza yake. Tutazame sasa jinsi nchi zinavyotofautiana.

Kazi moja, sheria mbali mbali

Uingereza ina viza ya mgeni wa kawaida, ambayo kwa kawaida humruhusu mtu kukaa hadi miezi 6. Tangu tarehe 31 Januari 2024, kanuni zake zinamruhusu mgeni kuendelea na kazi yake ya nyumbani kwa njia ya mtandao, maadamu kazi hiyo siyo sababu kuu ya safari. Kijana aliyekwenda kumzuru shangazi yake Leicester anaweza, mathalan, kumalizia makala ya mteja wake wa Mombasa. Viza hiyo hiyo inamruhusu mwandishi wa habari kukusanya habari kwa ajili ya chombo cha nje ya Uingereza. Lakini haimruhusu kuwaandikia wateja wa Uingereza kwa malipo. Anayealikwa kuhutubia katika kongamano na kulipwa amewekewa njia yake: shughuli iwe imepangwa kabla ya kusafiri, itajwe katika maombi, iwe na barua ya mwaliko, na ikamilike ndani ya siku 30 za mwanzo.

Ukivuka bahari hadi Marekani, kazi ile ile ina hukumu nyengine. Huko, mwandishi anayekwenda kukusanya habari kwa chombo cha nje hatumii viza ya mgeni. Anatakiwa aombe viza ya vyombo vya habari, inayojulikana kwa herufi I. Mwandishi wa kujitegemea naye anaweza kuipata, lakini aonyeshe mkataba baina yake na chombo cha habari. Anayekwenda kuhudhuria kongamano bila ya kuripoti, au kufanya utafiti wake binafsi, huomba viza ya shughuli, B-1. Kwa viza hiyo chuo kikuu kinaweza kumpa mhadhiri mgeni ujira wa heshima, lakini kwa mipaka: asizidishe siku 9 katika chuo kimoja, wala asiwe amepokea ujira kama huo katika vyuo zaidi ya 5 kwa miezi 6. Ama programu za kubadilishana wasomi na waandishi, kwa kawaida hutumia viza ya kundi J, na taasisi yenyewe ndiyo inayotoa hati ya kuanzia maombi.

Angalia basi, ndugu msomaji. Mtu mmoja, kalamu moja, habari moja: London anaingia kwa viza ya mgeni, na New York hawezi. Ndiyo maana haifai kumwambia kijana, "Fulani alikwenda hivyo na hakuulizwa." Fulani huenda alikwenda nchi nyengine, au kwa shughuli nyengine, au alikwenda kabla kanuni hazijabadilika.

Nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen zina viza moja ya muda mfupi, inayomruhusu mtu kukaa siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, hupelekwa kwa nchi utakayoingia kwanza. Hayapokelewi mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala hayafai kuchelewa hadi zikabaki chini ya siku 15. Inatakiwa bima ya safari ya angalau yuro 30,000, na ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Lakini jueni kwamba viza hiyo ni ya kuingia na kukaa. Suala la kufanya kazi ya malipo lingali mikononi mwa sheria ya kila nchi, kwa hivyo waulize waliokualika waeleze kwa maandishi sheria ya kwao inasemaje.

Kwa anayetaka kukaa muda mrefu, ziko idhini za makazi. Ujerumani ina kibali cha wenye kazi huru, na waandishi wamo katika kundi hilo. Estonia ilifungua viza ya wafanyakazi wa mtandaoni mwezi wa Agosti 2020, na Uhispania ikafuata mwaka 2023. Hizi zote zinataka ushahidi wa kipato cha kudumu. Si mlango wa kijana aliyeanza kuandika jana, bali ni lengo linaloweza kujengwa kwa miaka.

Hata kwa jirani

Yuko atakayesema: mimi naenda Tanga au Unguja tu, kwa ndugu zangu. Ni kweli kwamba Mkenya haombi viza kuingia Tanzania, na kwamba tangu mwaka 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka mipaka baina yao kwa vitambulisho vya taifa. Lakini ruhusa ya kuingia siyo ruhusa ya kufanya kazi, na kazi ya habari ina vibali vyake.

Mwezi wa Novemba 2018 maafisa wawili wa shirika la kimataifa la kuwalinda waandishi wa habari, mmoja Mkenya na mwengine wa Afrika Kusini, walichukuliwa hotelini mwao Dar es Salaam, wakanyang'anywa pasipoti na kuhojiwa kuhusu kazi yao, kisha wakaachiliwa na kuondoka. Sikulitaja tukio hili ili kumhukumu yeyote. Nimelitaja ili tujue kwamba udugu wa lugha na damu haumzuii afisa kuuliza umekuja kufanya nini, na mwandishi mwenye jibu la maandishi mkononi yuko katika hali bora kuliko asiyekuwa nalo.

Na sisi Waislamu tunao mfano mzito zaidi. Katika hija ya mwaka 2024, wakati joto la Makka lilipopita nyuzi 50, serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba waliofariki walikuwa 1,301, na kwamba asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali cha hija. Wengi walikuwa wameingia kwa viza za matembezi. Kwa kukosa kibali walikosa mahema, magari na vivuli vilivyoandaliwa mahujaji, wakatembea masafa marefu juani. Allah awarehemu na kuwasamehe. Tukumbuke msiba huo tunapoambiwa kwamba aina ya viza ni jambo la karatasi tu. Karatasi ile ndiyo inayoamua ni nani atakayekuhesabu, atakayekupa kivuli na atakayekutafuta ukipotea. Vivyo hivyo kwa vijana wetu wanaoingia nchi za Ghuba kwa viza ya matembezi wakaanza kazi: siku mwajiri anapowadhulumu, hawana mkataba wa kuupeleka kwa hakimu.

Ushahidi wa mtu asiye na mwajiri

Ugumu wa mwandishi wa kujitegemea ni kwamba hana barua ya mwajiri, na afisa wa viza anataka kujua mambo mawili: unaishi kwa nini, na nini kitakachokurudisha nyumbani. Ushahidi huo hautengenezwi kwa wiki moja. Anza mapema, hata kabla mwaliko haujaja.

Sajili jina lako la biashara kupitia eCitizen. Uwe na nambari ya KRA, na kila mwaka wasilisha hesabu zako za kodi. Malipo yako yapite benki, na taarifa ya M-Pesa iwe ya kuongezea. Hifadhi mikataba, hati za madai na barua za wateja. Weka orodha ya maandishi yako yaliyochapishwa, pamoja na tarehe na majina ya vyombo. Kisha andika barua yako mwenyewe, ukurasa mmoja, ueleze kwa lugha nyepesi: mimi ni nani, naalikwa na nani, nitafanya nini siku kwa siku, nani analipa, na narudi lini. Barua hiyo ni majibu ya maswali manne tuliyoyataja, nayo ilingane neno kwa neno na fomu pamoja na barua ya mwaliko. Tofauti ndogo ya tarehe huzaa shaka kubwa.

Ofisi ya pasipoti tunayo hapa Nakuru, lakini balozi ziko Nairobi, mwendo wa kilomita takriban 160, na mwombaji hutakiwa kufika mwenyewe kutoa alama za vidole. Basi hesabu siku na nauli. Tazama pia tiketi yako: hata kupitia uwanja wa ndege wa nchi ya tatu kwaweza kuhitaji viza ya kupita. Na ada na kanuni hubadilika. Zisomwe katika ukurasa rasmi wa ubalozi siku ile ile unayoomba.

Jihadharini na mawakala wanaoahidi "viza ya uhakika". Wako wanaomwazima mtu fedha zikae katika akaunti yake siku chache ili aonekane ana uwezo, na wako wanaotunga barua za kazi zisizokuwepo. Huo ni uongo kwa kalamu, na malipo yake ni makali. Uingereza inaweza kukataa maombi ya aliyewadanganya kwa muda wa miaka 10. Marekani, aliyepatikana na udanganyifu wa makusudi katika maombi anaweza kuzuiwa kuingia maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha maalumu. Nchi za Schengen huhifadhi kumbukumbu za maombi kwa miaka 5, na kila moja inaziona. Kijana wa miaka 22 anayeghushi karatasi moja leo anaweza kuufunga mlango ambao angeuhitaji akiwa na miaka 30, amekwisha kuandika kitabu chake.

Neno kwa familia

Idhini ya mtu mmoja si idhini ya nyumba yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetuandikia habari za desturi za Waswahili, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Aliporejea mwaka 1905 pamoja na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni ilikataa mke yule asishuke Dar es Salaam. Wote wawili wakarudi Ujerumani, na huko Mtoro akaishi hadi kufa kwake mwaka 1927. Ile ilikuwa dhulma ya ukoloni, na nyakati zimebadilika. Hata hivyo kanuni moja imebaki: kila msafiri huangaliwa peke yake. Mume akialikwa, mke na watoto wana maombi yao na masharti yao. Na binti akialikwa, suala la nani atakayefuatana naye, ambalo wazee huliangalia kwa hukumu za sheria yetu, liamuliwe kabla ya maombi kupelekwa, ili yule mahramu naye aombe kwa wakati.

Wazazi, msimharakishe mtoto. Msimwambie aandike jambo kwa kuwa "kila mtu huandika hivyo". Na akikataliwa kwa haki au kwa makosa, msomeeni barua ya kukataliwa kwa utulivu. Kukataliwa kwa sababu ya ushahidi mchache kunatibika: ushahidi unaongezwa, na maombi yanarudiwa, na kukataliwa huko kunatajwa bila ya kufichwa fomu inapouliza. Aliyesema kweli na akanyimwa amepoteza ada na safari moja. Jina lake bado ni safi, na kesho anaweza kubisha hodi tena kwenye mlango ule ule.

Mwandishi ana mtaji mmoja, nao ni kuaminika kwa neno lake. Msomaji humwamini kwa sababu anadhani hatamdanganya. Basi fomu ya viza nayo ni maandishi yake, na huenda ndiyo maandishi yake ya kwanza kusomwa katika nchi ile. Ayaandike kama anavyoyaandika mengine ambayo atasimama kuyajibu mbele ya Mola wake.

Tunamuomba Allah awafungulie vijana wetu milango ya kheri, awape riziki ya halali ndani ya nchi na nje, na awarudishe kwa wazee wao wakiwa salama na heshima zao. Wabillahi tawfiq.